BWANA SHAMBA NAYE NI MTU: NINI HUMTIA MOYO MTAALAMU WA KILIMO KIJIJINI?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama wote katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



 

 Mwaka 2015 tulipoanza tulikuwa akina mama wachache chini ya mparachichi wa jirani, na sanduku letu lilikuwa la kuazima. Leo tuna sanduku letu wenyewe lenye kufuli tatu, na tuna daftari ambalo mkaguzi akiliomba hatukimbii.

Kamati ya sherehe ilipotupangia mada hii, baadhi yetu waliguna. Wakasema, "Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa, habari za bwana shamba zinatuhusu nini? Si wangetupa mada ya hisa?" Tukamwomba mweka hazina afungue daftari la mikopo atusomee ile safu ya sababu ya kukopa. Akasoma: mbolea, samadi, miche ya migomba, pumba za ng'ombe, mtamba, mbegu ya mahindi, dawa ya nyanya, mbegu ya mahindi tena. Ada za shule zilikuwepo, nyingi tu, kila Januari. Lakini hata aliyekopa ada, fedha ya kulipa ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mkungu uliopanda lori la kwenda Dar es Salaam, kwenye maziwa, na kwenye kahawa kidogo iliyobaki. Kwa hiyo kila mkopo wetu una wadhamini wawili waliotia sahihi, na yuko wa tatu ambaye hajaandikwa popote, naye ni yule aliyetufundisha namna ya kulima hicho kitakacholipa. Akikosea yeye, au asipokuja kabisa, deni hubaki palepale.

Basi tulitafuta wataalamu watatu, tukakaa nao, tukawauliza swali moja: ni nini kinakufanya uamke asubuhi uende kwa wakulima, na ni nini kinakufanya usiende? Mmoja ni mzee aliyestaafu, bwana shamba wa siku nyingi wa huku mlimani. Wa pili ni kijana aliyeko kule tambarare kwenye mpunga. Wa tatu ni Bibi Shamba wetu, ambaye tumekaa naye hapa leo na ambaye tumemwomba ruhusa kabla ya kusema yote tutakayoyasema. Majina hatutayataja. Walituambia mambo yao ya ndani, na waajiri wao wangali wakiwalipa.

Tuanze na mzee. Aliajiriwa miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wa Azimio la Iringa la mwaka 1972, lile la Siasa ni Kilimo. Anasema siku hizo bwana shamba alikuwa mtu mkubwa. Akipita na baiskeli watoto walisimama. Lakini anakiri kwamba alikuwa anaogopwa zaidi ya alivyopendwa, maana ndiye aliyekuja kuangalia kama umepalilia mibuni na kama umeipogolea, na usipofanya hivyo aliweza kukupeleka kwa wakubwa. Halafu mambo yakaanza kubadilika chini ya miguu yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na KNCU yetu iliyoanza mwaka 1933 ikawamo. Mwaka uliofuata ikaja Mamlaka ya Kahawa. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama virudi. Kila mara alibadilishiwa mkubwa wa kazi, na kila mkubwa alikuja na fomu zake.

Tulidhani atatuambia kwamba kipindi kizuri kilikuwa kile cha heshima ya baiskeli. Hapana. Alisema kizuri kwake kilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, ulipoletwa ule mpango uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambamo mabwana shamba walikutanishwa mara kwa mara kufundishwa, kisha wakarudi vijijini kwa ratiba, kila wiki mbili kwa wakulima waliochaguliwa. "Nilijua Jumanne nipo wapi," alisema, "na mkulima alijua, na mkubwa wangu alijua. Nikikwama jambo, nilikuwa na pa kuuliza." Ubaya wake pia aliusema. Somo lilitoka juu, maneno yaleyale kwa mtu wa Rombo na mtu wa Machame. Na wale wakulima waliochaguliwa walikuwa wanaume karibu wote, wenye ardhi nzuri. Sisi akina mama tulisikia somo jikoni, kama tulisikia, baba akirudi na kulikumbuka.

Kilichomvunja moyo mzee huyu ni kitu kingine. Msimu wa 1994/95 soko la kahawa lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Dawa na mbolea ambazo mkulima alizoea kuchukua kwa mkopo kupitia chama cha msingi, akalipa kwa kahawa yake, zikawa za kununua taslimu dukani. Wengi waliacha kupiga dawa. Chulebuni, ambayo imekuwapo nchini tangu miaka ya 1960, ikapata mahali pa kulala. "Nilikuwa nasimama mbele ya watu," alituambia, "nawaambia wapige dawa kwa ratiba ya msimu mzima, na mimi mwenyewe mibuni ya kihamba changu sikuipiga hata mara moja. Mshahara haukutosha. Watu walikuwa wananitazama kwa upole tu. Afadhali wangenizomea." Miaka yake ya mwisho kazini alikwenda kwa wakulima kwa sababu ilimpasa kujaza taarifa. Akajaza, akastaafu.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa mada yetu. Yuko msomi mmoja wa Marekani, Frederick Herzberg, ambaye yeye na wenzake walitoa kitabu mwaka 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 juu ya kazi zao. Alisema mambo yanayomkera mtu kazini ni ya fungu moja, na yanayompa mtu ari ni ya fungu jingine. Mshahara, msimamizi mbaya, mazingira mabovu: hayo yakiwa mabaya mtu hukasirika, lakini hata yakitengenezwa huwa ameacha kukasirika tu. Ari hutokana na kuona kazi yako imefanikiwa, watu wameitambua, na wewe mwenyewe unakua. Wako wasomi waliombishia, na sisi hatukubaliani naye kwa yote. Wale wahasibu wake hakuna hata mmoja aliyepanda kilima cha huku mwezi wa nne kwenye tope. Huku nyumba, usafiri na mshahara si mambo ya kukera tu. Ni mambo ya kufika au kutofika. Lakini kwa mzee wetu msomi huyu amesema kweli: mshahara wake haukuwahi kuwa mkubwa hata ile miaka aliyoipenda.

Sasa tuje kwa Bibi Shamba wetu, na hapa jamani itabidi tujiseme.

Alikuja mwaka 2016, kijana, ametoka chuoni, mtu wa mkoa mwingine kabisa. Kichagga hajui. Alipanga chumba kimoja pale barabarani, na vijiji vyake vilikuwa vya kupanda na kushuka kwa miguu. Siku ya kwanza alituita mkutano saa tatu asubuhi. Tulifika saa tano, watu wanne, na mmoja wetu alikuwa amepita tu kuelekea sokoni. Akatueleza juu ya kahawa: kwamba mibuni yetu imezeeka, ikatwe shina ili ichipue upya, au iondolewe ipandwe ile miche chotara ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa pale Lyamungu, iliyoanza kutolewa mwaka 2005, ambayo inavumilia chulebuni na kutu ya majani. Maneno mazuri. Tulimsikiliza vizuri, tukasema, "Aika, aika sana," tukaenda zetu. Msimu ukapita, hakuna aliyekata hata shina moja. Akarudi. Aika sana. Msimu wa pili ukapita.

Yeye akadhani sisi ni wavivu au tunamdharau kwa ujana wake. Sisi tukadhani anaelewa. Maana hapa kwetu kila mtoto anajua kwamba kahawa ni ya baba. Kihamba ni cha ukoo, kadi ya chama cha msingi ina jina la baba, na fedha ya kahawa huingia mkono wa baba. Mama apalilie, achume, abebe, lakini akate mbuni wa babu mkwe wake kwa msumeno? Na mbuni uliokatwa shina unakaa bila kuzaa miaka miwili hivi. Angemweleza nini mumewe na mama mkwe katika miaka hiyo miwili? Hakuna aliyemwambia yule binti habari hizi. Tuliona aibu kuyasema mambo ya nyumbani kwa mgeni.

Mwaka 2017 wakaja viwavijeshi vamizi. Mashamba ya mahindi kule chini yaliliwa. Yeye alikwenda shamba kwa shamba alfajiri, akifungua majani ya mahindi na kutuonyesha mayai na vijidudu vidogo, akisema tukague mapema kabla havijaingia kwenye moyo wa mmea. Mdudu huyo alikuwa ndio kwanza ameingia nchini, hata wakubwa wake walikuwa bado wanajifunza. Lakini kwenye mkutano wa kijiji mtu mmoja alisimama akasema huyu dada anakula mshahara wa bure, mahindi yameisha ndipo anakuja kutufundisha kuhesabu mayai ya wadudu. Watu wakacheka. Na sisi wanachama wa kikundi hiki tulikuwepo, na tulicheka.

Baada ya wiki chache tulisikia kwamba ameandika barua ya kuomba uhamisho.

Mama mmoja mzee kati yetu ndiye aliyesema, "Hapa kuna deni, na halilipiwi kwa hisa." Akaenda kwenye mpaka wa kihamba chake, akakata jani la sale, akalifunga fundo. Mliozaliwa huku mnajua: akikuijia mtu na jani la sale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Tulikwenda akina mama saba, jioni, na jani letu, na maziwa, na mkungu wa mchare. Tukamkabidhi lile jani kwa mikono miwili. Akalipokea, akalitazama, akauliza, "Hii ni dawa ya nini?"

Ilibidi mama mwenye nyumba aje amweleze. Tukacheka wote, na baada ya kicheko ikawa rahisi kuzungumza. Tulikaa mpaka usiku. Hapo ndipo tulipomwambia habari za kahawa na baba. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Kumbe miaka miwili nimekuwa nafundisha watu wasio na ruhusa." Halafu akauliza ni nini ndani ya kihamba mama anaweza kukiamua bila kumwuliza mtu. Tukajibu kwa pamoja: ndizi. Ndizi ni za mama tangu enzi za bibi zetu. Akasema, "Basi maziwa nitayanywa, lakini msiniletee zawadi tena. Chagueni jambo moja nitakalowaambia juu ya migomba, mlifanye, mniite nije nione."

Walijitokeza sita. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, na kwa wengine lilikuwa kama uchawi: katika kila shina uache migomba mitatu tu, mama, mtoto na mjukuu, mingine yote uing'oe. Kisha samadi, na matandazo ya majani makavu. Wawili walikopa kwenye kikundi kununua samadi. Kung'oa machipukizi mazima kunauma, tusidanganyane. Mmoja wetu alikuwa anang'oa usiku ili mama mkwe asione.

Mwaka ulipopita na miezi juu yake, mikungu ikaanza kushuka. Mnunuzi wa lori alipofika kwa mwanachama wa kwanza alisimama akauliza hii migomba ni mbegu gani. Ni mbegu ileile! Siku hiyo tulimpigia simu Bibi Shamba. Alikuja mbio, mvua inanyesha, akapima mzingo wa mkungu kwa kamba, akaupiga picha, akamtumia mkubwa wake wilayani. Baadaye wakaletwa wakulima wa kata nyingine kuangalia, na yeye ndiye aliyesimama kuwaeleza. Alivaa viatu vipya. Tulimtazama tukasema, huyu si yule wa kwenye mkutano wa kijiji.

Tulipomwuliza kwa ajili ya hotuba hii ni lini aliacha kufikiria uhamisho, tulitegemea aseme ile jioni ya sale. Akasema hapana, ile jioni alituhurumia tu. Aliacha siku mama mmoja alipomjia na kumbishia. Yule mama alimwambia, "Samadi ulivyosema niweke karibu na shina nimeona inaunguza, mimi nimeisogeza mbali kidogo, njoo uone." Akaenda, akaona mama ana haki, ile samadi ilikuwa mbichi. Alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza mkulima alifanya alichomwambia, akakifikiria, akamrudishia kitu.

Kijana wa tambarare tutamsema kwa kifupi. Yeye yuko kwenye skimu ya umwagiliaji ya Moshi chini, ile iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, na jirani yake Chekereni kuna chuo cha mafunzo ya kilimo, KATC, tangu mwaka 1994. Anaipenda kazi yake waziwazi. Akifundisha kupanda mpunga kwa mistari leo, baada ya miezi minne au mitano anaona gunia. Huku kwetu ukifundisha kahawa utangoje miaka mitatu, na pengine utakuwa umeshahamishwa. Kwa hiyo zao lenyewe nalo humtia mtu moyo au kumchosha, jambo ambalo sisi hatukuwahi kulifikiria. Kinachomnyima usingizi ni maji. Walio juu ya mfereji nao walifungua majaruba yao, maji yanayofika chini yakapungua, na msimu wa ukame yeye hugeuka msuluhishi wa ugomvi. Alisema hiyo sehemu chuoni hakuifundishwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo bado linatugawa, na tunalisema hadharani kwa sababu wafadhili wetu wako hapa na huenda wana maoni.

Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwagawia maafisa ugani pikipiki nchini kote, na wetu alipata. Tulishangilia. Lakini pikipiki hunywa petroli kila wiki, na fungu la petroli haliji kila wiki. Mvua za mwaka mmoja baada ya hapo, mwenzetu mmoja alikuwa amekopa shilingi 300,000 kwa ajili ya nyanya. Jumatatu aliona mabaka kwenye majani. Akapiga simu. Bibi Shamba hakuwa na mafuta, na wiki hiyo alikuwa amepangiwa kazi nyingine isiyo ya kilimo kabisa. Alimtajia dawa kwa simu. Dukani haikuwepo, akauziwa nyingine. Bakajani chelewa haingoji mtu. Jumamosi shamba lilikuwa jeusi. Mwenzetu yule tulimsamehe adhabu ya kuchelewa. Deni hatukumsamehe, na amelilipa kwa ndizi, mkungu kwa mkungu.

Katika mkutano uliofuata ikaletwa hoja kwamba mfuko wetu wa jamii utoe fedha ya petroli kila mwezi. Tulibishana mpaka giza. Mmoja akasema, "Fedha hii ni ya misiba. Tukinunua petroli, siku ya msiba tutazika na nini?" Mwingine akajibu, "Nyanya zikifa hiyo siyo misiba?" Wengine wakasema analipwa na Serikali, na tukianza kuilipia Serikali hatutamaliza. Kisha mama mmoja akauliza juu ya yule mjane anayekaa chini ya mfongo, ambaye hana hata hisa moja kwetu. Petroli ikiwa yetu, Bibi Shamba atasimama kwake? Tukamwita mwenyewe tumwulize. Akakataa palepale. Alisema, "Mkininunulia mafuta, siku nitakayopita bila kusimama kwenu mtaniuliza. Na mtakuwa na haki. Sitaki mwe na haki hiyo."

Hoja ilishindwa kwa kura chache. Tukaamua hivi: siku ya kikundi iwe pia siku ya somo, wanachama wa vitongoji vyote vitatu wakutane mahali pamoja, ili safari moja itoshe badala ya safari thelathini, na asiye mwanachama akaribishwe. Tuliweka pia daftari la pili, tofauti na lile la fedha. Upande wa kushoto yeye anaandika alichoshauri, upande wa kulia sisi tunaandika kilichofanyika, au kwa nini hakikufanyika. Huo upande wa kulia una maneno ya kuchekesha, tutawasomea baada ya chakula. Na tukaandika barua kwa wahusika kuhusu fungu la petroli. Barua ya pili tumeshaipeleka pia. Jibu tunalisubiri, Mheshimiwa Mgeni Rasmi.

Wako kati yetu ambao mpaka leo wanaamini tulikosea siku ile. Mwenye nyanya ni mmoja wao, na hatuwezi kumlaumu.

Yako mengine ambayo Bibi Shamba aliyataja, ambayo hayako mikononi mwetu. Kazi zisizo zake ni mojawapo. Akija na daftari la ushuru tunajificha nyuma ya migomba. Akija na mbegu tunatoka. Ni mtu yuleyule na pikipiki ileile! Anasema inachukua wiki kadhaa watu wamsahau kama mtoza ushuru wamkumbuke kama mwalimu. Jingine ni nyumba. Mwanamke anayeishi peke yake anahitaji mlango wenye kufuli ya kweli na choo kisicho cha kuvuka barabara usiku. Tulishangaa kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza, na sisi ni wanawake. Baraza la kata likijenga nyumba ya mtaalamu, tuko tayari kubeba mawe na mchanga.

Na kusoma. Mtaalamu huyu alitoka chuoni zaidi ya miaka tisa iliyopita, na tangu hapo amehudhuria semina za siku mbili tatu. Wadudu wapya wamekuja, dawa zimebadilika, mvua nazo hazifuati tena kalenda ya babu. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kilianzisha mwaka 1998, kwa kusaidiana na mfuko wa Sasakawa, shahada kwa ajili ya maafisa ugani walioko kazini, ili mtu asome na kurudi kwa wakulima wake na maswali yao mkononi. Yeye anatamani sana kusoma zaidi. Wengine wetu walinong'ona kwamba akisoma hatarudi huku kwenye tope. Alisikia. Akasema, "Inawezekana." Tulipenda kwamba hakutudanganya. Tumekubaliana kumwandikia barua ya kumwunga mkono atakapoomba, na barua hiyo itakuwa na sahihi zetu zote, hata za wale walionong'ona.

Tangazo moja kabla ya Mama Mwenyekiti kumkaribisha Mgeni Rasmi. Alhamisi ijayo somo litakuwa kukata mibuni ya zamani. Ndiyo, kahawa. Litafanyika kwa mwanachama mwenzetu pale juu ya mfongo, na mwenye kihamba, yaani mumewe, ambaye amekaa hapa safu ya pili na anatazama chini, ametoa mibuni kumi ijaribiwe. Akina baba, mnakaribishwa kuliko siku zote. Mje na misumeno, mapanga yanapasua shina. Ni saa tatu asubuhi, na safari hii saa tatu ni saa tatu.